Mtaa wa Mkunazini: Jinsi Watu Wasio na Ukoo Walivyopata Jamaa

Neno mtaa ni la zamani katika Kiswahili, na kila mkaaji wa pwani alijua. Mtaa ni sehemu ya mji: nyumba zilizo karibu karibu, watu wachotao maji katika kisima kimoja, wapitao njia moja, na wajuanao kwa majina. Mtaa si ukoo, wala si kabila. Watu wa ukoo hufungwa na damu. Watu wa kabila hufungwa na nchi na lugha na mila. Bali watu wa mtaa hufungwa na ujirani. Katika mtaa mmoja wa mji wa Unguja waweza kuwakuta Mhadimu na Mshihiri, Mngazija na Mhindi, na mtu wa bara pia, kila mmoja ana asili yake, na wote huitwa watu wa mtaa mmoja.

Neno hilo ndilo lililochukuliwa katika makanisa ya Kianglikana yaliyopandwa na Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani U.M.C.A., liwe jina la kundi la Wakristo walio chini ya padre mmoja, pamoja na kanisa lao na nchi inayolizunguka. Wakatoliki husema parokia, na Waanglikana wa mahali pengine husema parishi. Hayo ni maneno ya kigeni yaliyovikwa nguo ya Kiswahili. Lakini mtaa ni neno la nyumbani. Katika makala haya twataka kuonyesha kwamba halikuwa jina tu. Huko Unguja, ambako kazi hii ilianzia, kundi la kwanza la Wakristo lilikuwa la watu waliokwisha kunyang'anywa ukoo wao. Hawakuweza kuunganishwa kwa damu, kwa kuwa hawakuwa ndugu; wala kwa kabila, kwa kuwa walitoka makabila mengi. Waliweza kuunganishwa kwa ujirani peke yake, na kwa ujirani huo wakapata jamaa. Na mfano wa jambo hili tutautoa katika Kanisa la Kristo, Mkunazini, ambalo ni kanisa kuu la Askofu, na papo hapo ni kanisa la mtaa kama mengine.

Mahali penyewe

Jina la Mkunazini latokana na mti, mkunazi, kama mahali pengi pa pwani palivyoitwa kwa miti yake. Lakini watu wa karne ya 19 walipolitaja jina hilo hawakufikiri mti wala kunazi zake, walifikiri soko. Hapo ndipo palipokuwa soko la watumwa la mji wa Unguja. Watu waliotekwa au kununuliwa katika nchi za bara, na hasa upande wa Ziwa Nyasa na mto Ruvuma, waliletwa pwani kwa miguu, wengi wakapitia Kilwa, wakapakiwa majahazini mpaka Unguja. Hapo sokoni walipangwa safu safu ili wanunuzi wawatazame meno na viungo vyao, kama mtu anunuapo punda.

Tarehe 5 Juni, 1873, Sayyid Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na serikali ya Uingereza, mkataba ambao Sir Bartle Frere alikuwa amekuja kuutaka mapema mwaka ule, na Balozi John Kirk ndiye aliyeukamilisha. Kwa mkataba huo biashara ya kusafirisha watumwa kwa bahari ilikatazwa, na masoko ya watumwa yakafungwa. Yatupasa kusema wazi kwamba utumwa wenyewe haukukoma siku ile. Wafanya biashara waliendelea kuvusha watu kwa siri, na mtu aliyekuwa mtumwa katika shamba la karafuu alibaki mtumwa. Sheria ya kuuondoa utumwa katika Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897, katika utawala wa Sayyid Hamoud bin Mohammed, na masuria hawakuingizwa katika sheria mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo watu waliosali Mkunazini katika miaka ile ya kwanza walikuwa huru katika mji ambao wenzao wengi hawakuwa huru bado.

Soko lilipofungwa, Padre A. N. West wa misheni alinunua sehemu ya kiwanja kile, na sehemu nyingine ikatolewa na tajiri mmoja wa Kihindi, Jairam Senji, ambaye hakuwa Mkristo. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule wa 1873, jiwe la msingi likawekwa. Kati ya mkataba na jiwe la msingi haikupita hata miezi saba.

Jengo

Aliyelisimamia jengo hili ni Edward Steere. Alikuwa mwanasheria kabla ya kuwa padre; alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na mwaka 1874 akafanywa Askofu mwenyewe. Wasomaji wanaopenda lugha wanamjua kwa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili na kwa hadithi za Kiswahili alizozikusanya kutoka vinywani mwa watu wa Unguja, vitabu vilivyotolewa yapata mwaka 1870. Lakini mtu huyo huyo aliyekaa na kalamu ndiye aliyesimama juani na mafundi waashi.

Ili kuifahamu kazi yake, ni lazima kwanza kufahamu jinsi nyumba za mawe za Unguja zilivyojengwa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake hulala juu ya boriti za mikoko. Boriti haina urefu mkubwa, basi na chumba hakiwezi kuwa na upana mkubwa. Hii ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba. Kanisa lataka nafasi pana ambamo watu wote wataona na kusikia pamoja. Steere alitengeneza dari ya mviringo, kama nusu ya pipa lililolazwa, kwa kuchanganya matumbawe yaliyopondwa na saruji, bila boriti hata moja. Wengi walisema kwamba dari hiyo itaanguka. Haikuanguka, watu wanasali chini yake mpaka leo. Madirisha na matao yake yanachanganya namna ya makanisa ya Ulaya na namna ya majengo ya Kiarabu, hata mtu akilitazama kwa mbali aweza kusita kabla ya kusema ni jengo la nani.

Pana mambo mengine ambayo wenyeji huyasimulia. Karibu na mlango wa magharibi pana nguzo za marumaru ambazo zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Husemwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Husimuliwa tena kwamba altare imesimama mahali pa mti ambao watumwa walifungwa wakapigwa, na duara la marumaru sakafuni laonyesha mahali hapo. Saa ya mnara ilitolewa na Sayyid Barghash, ambaye alikuwa Mwislamu. Na msalaba mmoja wa kanisani ulichongwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mti ambao moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake mwaka 1873. Maiti yake ilichukuliwa mpaka pwani na watumishi wake, ambao wakuu wao walikuwa Susi na Chuma. Na Chuma huyo alikuwa mtoto aliyeokolewa katika mikono ya wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861.

Askofu Steere alikufa tarehe 27 Agosti, 1882, akazikwa nyuma ya altare. Basi mtu akiwahesabu wote waliolitia mkono jengo hili atapata Mwingereza aliyenunua kiwanja, Mhindi aliyetoa kiwanja, Sultani Mwislamu aliyetoa saa, na mafundi na wachukuzi wa Unguja. Hata kabla halijawa na watu wake, kanisa hili lilikuwa kazi ya majirani.

Watu wa kwanza

Misheni ilipofika Unguja mwaka 1864 haikuwa na wafuasi hata mmoja. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto watano wa kiume, waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na Sayyid Majid akampa Askofu Tozer. Mmoja wao alikuwa John Swedi, ambaye mwaka 1870 alipewa daraja ya chini ya ushemasi, na mwaka 1879 akawa shemasi kamili. Baadaye wengine wengi waliletwa na manowari za Waingereza zilizokuwa zikivizia majahazi baharini. Wavulana walipelekwa Kiungani, ambako palikuwa na chuo na kiwanda cha kupiga chapa. Wasichana walipelekwa Mbweni, katika shamba lililonunuliwa na misheni mwaka 1871. Huko Mbweni watu wazima nao walipewa mahali pa kujenga na kulima, na kijiji kikatokea. Shule ya wasichana ilisimamiwa kwa miaka mingi na Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, akaishi huko mpaka alipokufa mwaka 1926. Mbweni nayo ilipata kanisa lake, la Yohana Mtakatifu, na kuwa mtaa mwenzi wa Mkunazini.

Tufikiri kidogo hali ya watu hawa. Mtoto aliyetekwa akiwa na miaka minne au mitano hukumbuka nini? Pengine hukumbuka jina la mama, pengine mto uliopita karibu na kijiji, pengine wimbo. Lugha ya kwao aweza kuisahau katika mwaka mmoja. Wengine walikuwa Wayao, wengine Wanyasa, wengine Wamakua, Wazigua, au Wanyamwezi, na wengine hawakujua wao ni akina nani. Na katika desturi zetu mtu asiyejulikana asili yake ana mashaka makubwa. Akitaka kuoa, nani atakwenda kumposea? Akiozwa binti yake, nani atapokea mahari pamoja naye? Akigombana na mwenzake, mzee gani atakaa barazani kumsemea? Na akifa, mtani gani atakuja kumzika? Maana makabila mengi ya bara wana utani, na mtani ana kazi yake msibani. Lakini asiyejua kabila lake hawezi kuwa na mtani. Watu waungwana wa mji nao walimdharau. Kumpa mtu kama huyo hati ya uhuru ni jambo jema, lakini hati haiposi, haisemi barazani, wala haichimbi kaburi.

Ubatizo na majina

Kwa hiyo mwenye kutazama desturi za mtaa huu asizione kama ibada tu. Azitazame pia kama njia ya kumrudishia mtu jamaa.

Kwanza ni ubatizo. Kitabu cha Sala cha Kianglikana kinaamuru kwamba mtoto mwanamume awe na wadhamini watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Na mtoto mwanamke naye awe na watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Katika Uingereza, ambako mtoto alikuwa na baba na mama na wajomba na shangazi, wadhamini hawa walikuwa nyongeza. Lakini kwa mtu wa Mkunazini au Mbweni, ambaye hakuwa na mjomba wala shangazi, wadhamini watatu walikuwa ukoo mzima. Waliahidi mbele ya watu wote kwamba watamwangalia mtoto katika mafundisho na mwenendo wake. Na Waswahili hawakuliona jambo hili kuwa geni, kwa sababu walikuwa na desturi ya somo: msichana avunjapo ungo hupewa mwanamke wa kumfunza, naye hubaki kuwa somo wake, hata kama hawana damu moja.

Kwa watu wazima ubatizo haukutolewa haraka. Mtu alikaa kwanza katika darasa la wakatekumeni, akifundishwa na kuangaliwa tabia. Muda huo ulikuwa na faida mbili. Alijifunza imani, na pamoja na hayo alijulikana na watu. Waliofundishwa pamoja na kubatizwa siku moja walifanana na watoto waliotiwa jandoni pamoja: wakawa hirimu moja.

Kisha ni majina. Wabatizwa walipewa jina jipya, lakini mara nyingi hawakulitupa la zamani. Waliyaweka yote mawili pamoja, kama John Swedi na Cecil Majaliwa. Majina haya yastahili kuangaliwa na wenye kupenda lugha. Majaliwa latokana na kujaliwa, yaani kile ambacho Mungu amempa mtu. Jina la namna hii halikutoka kwa babu. Ni jina alilopewa mtu Unguja, baada ya jina la kwao kupotea. Lakini likiisha kuandikwa katika daftari la kanisa, na baadaye mwana wa mtu huyo akabatizwa akaandikwa kuwa mwana wa Majaliwa, hapo jina lililokuwa la mtu mmoja lageuka kuwa jina la nyumba. Ukoo mpya umeanza, na daftari ni shahidi wake.

Ndoa na mazishi

Katika ndoa, desturi ya kanisa ni kutangaza majina ya watakao kuoana Jumapili tatu mbele ya watu wote, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Katika nchi ambayo kila mtu anajua ndugu zake, kizuizi hujulikana nyumbani kabla ya kufika kanisani. Bali kwa watu waliotekwa wakiwa wadogo, tangazo hili lilikuwa na maana nzito. Yawezekana mtu alikwisha kuwa na mke huko bara kabla ya kutekwa. Yawezekana wawili waliotaka kuoana walitoka kijiji kimoja. Mtaa wote uliulizwa, kwa sababu hakuna mzee mmoja aliyejua habari za wote.

Tena Kitabu cha Sala chauliza ni nani amtoaye mwanamke huyu aolewe, na kinakubali kwamba atolewe na baba yake au na rafiki. Neno hili moja, rafiki, ndilo lililofungua mlango kwa wasichana waliokuwa hawana baba. Mwalimu, au mdhamini, au mzee wa kanisa aliweza kusimama mahali pa baba, na ndoa isiwe na upungufu wo wote.

Katika mauti, ujirani ulionekana kupita mahali pengine pote. Kengele ilipopigwa kwa ajili ya maiti, kila aliyesikia alijua ni mmoja wao. Wanawake waliosha maiti ya mwanamke mwenzao, wanaume wakachimba kaburi, jeneza likachukuliwa kwa kupokezana, na baadaye watu wakakaa matanga kama ilivyo ada ya pwani. Mambo hayo yote, katika nchi nyingine, ni kazi ya ndugu na watani. Waswahili husema: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu aliye ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ambaye hajui kama nduguye yu hai, hawezi kumzika. Aliye nyumba ya pili aweza.

Lugha ya mtaa

Watu wa makabila mengi wakikaa pamoja, ni lazima wapate lugha moja. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili cha Unguja. Hapa nasi tunaona ujirani mwingine, yaani wa maneno. Wafasiri wa misheni walipotafuta maneno ya kuelezea imani, hawakuyabuni yote upya. Walikuta maneno ambayo Waislamu wa pwani wamekwisha kuyazoeza masikioni mwa watu: dini, imani, sala, dhambi, toba, rehema, neema, baraka, nabii. Yote hayo yana asili ya Kiarabu, nao wakayapokea. Hata neno kanisa lenyewe, na maneno askofu, kasisi na shemasi, yamepita katika Kiarabu. Padre ni la Kireno, altare na Kwaresima ni ya Kilatini, ubatizo una asili ya Kiyunani. Na mengine yalifumwa kwa nyuzi za Kiswahili chenyewe, kama kipaimara, yaani chenye kumpa mtu uimara.

Basi katika sala moja ya Jumapili, mtu wa Mkunazini alitumia maneno ya Kiarabu, ya Kireno, ya Kilatini, ya Kiyunani na ya Kibantu, asihisi kwamba anasema lugha tano. Lugha ile ilikuwa kama watu wake: asili mbalimbali, mtaa mmoja. Nacho kiwanda cha misheni kilizitia sala na mafundisho hayo katika chapa, kwa mikono ya vijana wa Kiungani. Tangu mwaka 1888 walitoa na gazeti lao, Msimulizi, ambamo waliandika wenyewe habari za kila kituo. Kwa njia hiyo waliotawanyika waliendelea kusikia habari za wenzao.

Mtaa wazaa mitaa

Tumesema waliotawanyika, kwa kuwa si wote waliokaa Unguja. Mwaka 1876 Askofu Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa, waliotaka kurudi katika nchi za kwao upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliona mahali pazuri penye maji, wakakaa. Wengi wao hawakufika kwao kamwe. Walijenga mtaa mwingine mfano wa ule walioutoka, na mwaka 1882, Masasi iliposhambuliwa na Wamagwangwara, wengine wakatekwa mara ya pili. Naye Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akasoma Kiungani na baadaye Canterbury, alipewa upadre Unguja mwaka 1890, wa kwanza kati ya Waafrika wa misheni hiyo. Akafanya kazi Chitangali, kwa Wayao, watu wa asili yake.

Lakini huko bara jambo liligeuka. Watu wa Masasi na Chitangali, wenyeji wenyewe, walikuwa na ukoo na jando na unyago na wazee. Mtaa haukuja tena kujaza pengo. Ulikuja kukaa pamoja na mambo yaliyokuwapo. Hapo likazuka swali ambalo Mbweni halikuwa na uzito huo: Mkristo afanye nini na jando? Padre Vincent Lucas, ambaye tangu mwaka 1926 alikuwa Askofu wa kwanza wa Masasi, alijaribu kuliingiza jando katika maisha ya kanisa, kwa kuyaacha yaliyo mabaya na kuyashika yaliyo mema, wazee wa kabila na wazee wa kanisa wakiwa pamoja. Watu wamebishana sana juu ya kazi hiyo. Kwetu yatosha kuonyesha kwamba mtaa una sura mbili: penye watu wasio na ukoo, wenyewe huwa ukoo, penye watu wenye ukoo, ni lazima ukae nao kwa adabu, kama mgeni aliyejenga kati ya wenyeji.

Mtaa hivi leo

Mambo mengi yamebadilika. Chuo cha Kiungani kilihamia Minaki, na shule ya Mbweni imebaki magofu. Kanisa la Anglikana Tanzania likawa jimbo lenye kujitawala mwaka 1970, na Maaskofu ni wenyeji. Mji Mkongwe wa Unguja uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Katika ua wa kanisa la Mkunazini pana sanamu za watumwa wenye minyororo shingoni, wamesimama ndani ya shimo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Na jengo la zamani la hospitali ya misheni lina maonyesho ya habari za biashara ya watumwa. Wageni kutoka nchi nyingi huja, hulipa kiingilio, hutazama, hupiga picha, huenda zao.

Ni vema waje, kwa kuwa habari ya soko lile haifai kusahauliwa. Lakini pana hatari katika jambo hili. Mgeni huonyeshwa mahali watu walipofungwa na kupigwa, akaondoka akidhani kwamba amekwisha kuwajua. Haonyeshwi watu hao walifanya nini baada ya kufunguliwa: jinsi walivyopeana majina, walivyoposeana, walivyodhaminiana, walivyozikana. Minyororo ni rahisi kuonyesha. Ujirani hauna sanamu. Na wenyewe wa mtaa, ambao ni kundi dogo katika kisiwa ambacho watu wake karibu wote ni Waislamu, wangali wanakusanyika Jumapili, wangali wanatangaza ndoa na kuleta watoto katika kisima cha ubatizo. Kanisa kwao si makumbusho, ni mtaa.

Tena katika baadhi ya nyumba watu huona haya kutaja kwamba babu yao alifika pwani kwa minyororo. Husema tu kwamba wao ni watu wa misheni, au hujitafutia asili nyingine iliyo tukufu. Hatuwalaumu, kwa maana dharau ya zamani haijafa kabisa. Lakini twaona kwamba aibu hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Aliyeuza watu ndiye mwenye aibu. Aliyenyang'anywa baba na mama na lugha, kisha akasimama akawa mdhamini wa mtoto wa mwenzake, ana sifa ambayo waliozaliwa katika koo kubwa hawajapata nafasi ya kuipata.

Basi twawasihi wasomaji wetu, na hasa walimu, wasiache habari hizi zipotee. Wenye wazee nyumbani na wawaulize: Nani alikuwa mdhamini wako? Nani alisimama mahali pa baba siku ya ndoa ya bibi? Nyimbo gani ziliimbwa matangani, na maneno gani ya kwenu ya asili yalibaki katika mazungumzo ya nyumbani? Na wenye kutunza madaftari ya kanisa wayalinde na mchwa na unyevu, kwa kuwa kwa nyumba nyingi za Unguja na Mbweni daftari la ubatizo ndilo mwanzo wa nasaba. Nyuma yake hakuna tena wa kuulizwa.